Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara tatu na bado vinarudi: je, ni vidonda kweli?

1. Muuza_Vipuri

Hamjambo wanajukwaa. Ninauza vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, na tangu mwaka wa 2023 nimekuwa nikisumbuliwa na maumivu ya kuchoma hapa kwenye chembe cha moyo, ambayo hunijia zaidi alasiri kabla sijala na mara nyingine huniamsha saa nane za usiku. Nilikwenda kliniki moja ya mtaani, nikatolewa tone la damu kwenye ncha ya kidole, na baada ya dakika kumi nikaambiwa kwamba nina bakteria wa H. pylori na kwa hivyo nina vidonda vya tumbo. Nikapewa dawa za aina tatu. Nilipata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Nikapimwa tena vilevile, majibu yakawa yaleyale, na dawa zikawa zilezile. Sasa nimemaliza duru ya tatu na juzi usiku nimeamshwa tena.

Mama yangu anasema ni maharagwe. Mwenzangu wa dukani anasema ni mawazo. Mhudumu wa duka la dawa anasema nahitaji dawa kali zaidi. Mimi nauliza hivi: ni bakteria asiyekufa, ni mimi ninayeambukizwa upya, au tangu mwanzo sikuwa na vidonda? Pole sizihitaji sana, nataka sababu.

2. Shangazi_wa_Rongai

Mwanangu, acha githeri na maharagwe kwa miezi mitatu, acha pilipili, na usinywe chai ya strungi asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Kaka yangu mdogo alipona hivyo bila kumeza hata kidonge kimoja. Vijana wa siku hizi mnapenda sana kupimwa.

3. Maabara_Kayole

Ninafanya kazi ya maabara, na naomba niseme jambo moja kuhusu hicho kipimo cha kidole, kwa sababu ndicho chanzo cha nusu ya mkanganyiko ninaouona kila wiki. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza ulipokutana naye. Bakteria akishakufa, askari hao hawastaafu siku hiyohiyo. Wanaweza kubaki ndani ya damu kwa miezi mingi na hata miaka, kwa hivyo mtu aliyepona kabisa akipimwa kwa damu ataambiwa bado anaye, atapewa dawa tena, na atarudi tena. Ndugu Muuza Vipuri, inawezekana kwamba duru yako ya kwanza ilifanya kazi vizuri na kwamba hizo mbili zilizofuata zilikuwa za bure.

Vipimo vinavyoonyesha kama bakteria yupo leo ni kile cha choo kinachotafuta chembechembe zake, na kile cha pumzi. Vyote viwili vina masharti: ungoje angalau wiki nne baada ya kumaliza viuavijasumu, na uwe umeacha omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, na dawa za jamii yake kwa wiki mbili, la sivyo bakteria hujificha na majibu hutoka safi ilhali bado yupo. Hakuna aliyekueleza hayo?

La pili, na hili ni zito zaidi: kuwa na bakteria si kuwa na kidonda. Takriban nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa naye, wengi wao wakiwa wameambukizwa utotoni, na walio wengi hawapati kidonda maishani mwao. Kidonda huonekana kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni.

4. Ndengu_na_Chapati

Shangazi, ukiwakataza wakazi wa Nairobi maharagwe kwa miezi mitatu utakuwa umewaamuru wafunge. Mimi nina swali la kweli, ingawa najua mtacheka: je, juisi ya kabichi mbichi inasaidia? Jirani yangu husaga kabichi nzima kila asubuhi na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba, kwa hivyo mimi pia huamka na hiyo kabichi.

5. Nesi_wa_Zamani

Nilianza uuguzi katika miaka ya sabini, na nataka vijana wajue tulikotoka. Wakati ule vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wenye mawazo mengi na asidi nyingi. Mgonjwa alilazwa, akapewa maziwa kila baada ya saa chache, akakatazwa viungo na sigara, na asipopata nafuu alipasuliwa: madaktari walikata mishipa ya fahamu inayoliamuru tumbo litoe asidi, au wakaondoa sehemu ya tumbo lenyewe. Niliwahudumia wengi waliobaki na matatizo ya kuharisha na kukonda baada ya upasuaji huo. Kumbe maziwa yenyewe yalituliza kwa muda mfupi tu, kisha yakalichochea tumbo litoe asidi zaidi.

Baadaye ndipo madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walipoonyesha kwamba kuna bakteria anayeishi ndani ya tumbo. Hakuna aliyewaamini, kwa kuwa tulifundishwa kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kustahimili asidi ile. Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe mwaka wa 1984, akapata vidonda, akajitibu. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Kwa hivyo, Shangazi, kwa heshima zote, maharagwe hayana hatia.

6. Mwalimu_wa_Bayolojia

Asante, mama, kwa historia hiyo. Nina sahihisho dogo kwa ujumbe wa 5: Marshall hakupata vidonda. Alipata uvimbe mkali wa utando wa tumbo, akatapika na kunuka mdomo kwa siku kadhaa, na kamera ikaonyesha bakteria wamejaa pale ambapo awali hawakuwapo. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mwenye uzi huu, kwa sababu utando unaweza kuvimba na kuuma bila kuwa na kidonda.

Na kuhusu jinsi bakteria huyu anavyostahimili asidi: ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia hiyo humzungushia ukuta mdogo usio na asidi. Hapo ndipo kipimo cha pumzi kilipopatikana. Unameza urea iliyotiwa alama, bakteria akiwapo anaivunja, na alama ile hutoka katika hewa unayopumua. Kila nikifika hapo darasani wanafunzi huamka.

Kabichi nayo ina historia yake. Mwaka wa 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliripoti kwamba wagonjwa 13 waliokunywa juisi ya kabichi mbichi walipona upesi. Lakini wagonjwa 13 ni wachache mno kujenga juu yao tiba, na vidonda vingi hufunga vyenyewe kisha hufunguka tena, kwa hivyo yeyote aliyekunywa chochote katika wiki ambayo kidonda kinafunga atakisifu alichokunywa.

7. Ndengu_na_Chapati

Kwa hiyo nimwambie jirani aendelee au aache?

8. Mwalimu_wa_Bayolojia

Mwambie asage saa mbili.

9. Kondakta_Mstaafu

Mimi sikuwa na bakteria. Nimepimwa choo, nimepimwa kwa kipande cha nyama kilichokatwa tumboni na kamera, hakuna kitu. Kilichonitoboa ni dawa za mgongo.

Nilikuwa kondakta kwa miaka kumi na minane, na ukisimama mlangoni mwa matatu kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi usiku, mgongo hukudai. Nilikuwa nikinunua diklofenaki kama wengine wanavyonunua peremende. Siku moja nikaona choo changu ni cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu ambayo sitaieleza. Sikuumwa na tumbo hata kidogo, na hilo ndilo ninalotaka mlisikie: sikuumwa. Nilidhani ni kwa sababu ya mboga za kienyeji. Siku ya tatu nilipanda ngazi za nyumba yangu Kariobangi nikaanguka, nikaamka nimetundikiwa damu.

Daktari alinieleza kwamba dawa hizo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huzuia kemikali ileile inayolinda utando wa tumbo, ndiyo maana hata ukidungwa sindano ya diklofenaki badala ya kumeza, madhara ni yaleyale, kwa kuwa huingia kupitia damu. Nilidhani sindano ilikuwa njia ya kulikwepa tumbo. Wewe wa vipuri, unabeba vyuma. Unameza nini kwa ajili ya mgongo?

10. Mama_wa_Mapacha

Kondakta, pole sana kwa yaliyokupata. Naongeza kidogo ili watu wasiogope bure: nilipokuwa mjamzito nilipewa vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, na choo changu kikawa cheusi. Nilikimbilia hospitali nikilia. Mkunga alicheka, akaniambia ni chuma.

11. Maabara_Kayole

Ni kweli, na dawa ya tumbo yenye bismathi hufanya vivyo hivyo. Lakini choo cha damu hunata na kunuka kama alivyosema Kondakta, na mtu asiyetumia dawa hizo asijipe matumaini kwa sababu ya mboga.

12. Muuza_Vipuri

Asanteni. Nimetoka kusoma ujumbe wa 9 nikafungua droo ya dukani. Vile vidonge vya kichwa ninavyonunua kibandani, viwili viwili, vimeandikwa aspirini. Humeza labda mara tatu kwa wiki. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kuvihesabu kuwa dawa.

Lakini nimepiga hesabu: vidonge hivi nilianza mwaka jana, ilhali maumivu yalianza mwaka wa 2023. Kwa hiyo huenda vinaongeza, lakini havikuanzisha.

13. Famasia_Jogoo_Road

Anza kwa kuviacha leo. Ukiumwa na kichwa tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, maana haina madhara hayo kwa utando wa tumbo.

Sasa nina maswali ya mfamasia. Kwanza, dawa za duru ya kwanza zilikuwa za siku ngapi, na ulizimaliza? Pili, omeprazoli uliimeza saa ngapi? Tatu, baada ya viuavijasumu kwisha, uliendelea na omeprazoli kwa muda gani, na maumivu yalirudi siku ngapi baada ya kuiacha? Nakuomba ujibu la tatu kwa makini.

14. Muuza_Vipuri

Duru ya kwanza ilikuwa ya siku saba. Niseme ukweli, nilitumia siku tano, kwa sababu zile dawa zilinitia ladha ya shaba mdomoni na hata chai haikunyweka, na siku mbili zilizobaki alizimeza mke wangu, ambaye pia alikuwa analalamika tumbo. Omeprazoli nilikuwa nameza nikilala. Kisha niliambiwa niendelee nayo mwezi mmoja, na sasa nikikumbuka vizuri, kila mara maumivu yalirudi ndani ya wiki moja hivi baada ya kuiacha.

15. Shangazi_wa_Rongai

Mligawana dawa kama mkate! Na huyo mke hata hajapimwa.

16. Famasia_Jogoo_Road

Shangazi amenitangulia, lakini tuendelee kwa utaratibu, kwa sababu hapa kuna mambo matatu tofauti.

La kwanza ni muda. Matibabu ya siku saba yalikuwa ya kawaida zamani, lakini sasa miongozo mingi inapendekeza siku 14, na duru iliyokatizwa siku ya tano ni shule ya kumfundisha bakteria kuizoea dawa. Ile ladha ya shaba hutokana na klarithromaisini, au na metronidazoli kama ilikuwamo. Inaudhi, lakini hupita. Kanuni ni kwamba klarithromaisini ikishashindwa mara moja, hairudiwi. Wewe umerudishiwa mara mbili. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka wa 2024 umekwenda mbali zaidi, ukaweka mbele tiba ya dawa nne yenye bismathi kwa siku 14 hata kwa mgonjwa wa mara ya kwanza ambaye haijulikani bakteria wake anazoea dawa gani.

La pili ni saa. Omeprazoli huzima pampu za asidi zile tu zinazofanya kazi, na pampu huamshwa na chakula, kwa hivyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ukiimeza ukienda kulala umemtuma fundi kwenye duka lililofungwa.

La tatu ndilo ninaloliogopa. Ukiacha dawa hizi ghafla baada ya wiki kadhaa, tumbo hurudi na asidi nyingi kuliko ya mwanzo kwa muda. Mwaka wa 2009 watafiti wa Denmaki waliijaribu dawa ya jamii hii kwa watu 120 wenye afya, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Waliopewa kwa wiki nane kisha wakaachishwa walianza kulalamika kiungulia na maumivu zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo hayo "marejeo" yako ya kila baada ya wiki moja yanaweza kuwa ni dawa inayodai kurudishwa, wala si bakteria wala kidonda.

17. Maabara_Kayole

Sababu ya tatu ni nzuri, lakini haielezi maumivu ya 2023, kabla hajawahi kuijua omeprazoli.

18. Famasia_Jogoo_Road

Nakubali. Sikusema inaeleza yote.

19. Hodhan_wa_Eastleigh

Assalamu alaykum. Mimi naegemea upande wa kuambukizwa upya. Nyumbani tuko saba, na bibi yetu, Mungu amweke, alikuwa akiwatafunia watoto chakula kabla ya kuwalisha, kama walivyofanya wazee wote. Nilitibiwa siku 14 kamili, kipimo cha choo kikatoka safi, na baada ya mwaka mmoja na nusu nikapatikana naye tena. Tulipopimwa sote, watano walikuwa naye. Tulitibiwa kwa pamoja, na tangu 2022 sijambo.

Nina swali pia kuhusu Ramadhani. Mwaka ule wa ugonjwa nilifunga kwa shida sana.

20. Maabara_Kayole

Dada, simulizi yako ni ya kweli lakini sikubali kwamba kila familia ipimwe hivyo. Watano kati ya saba ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi, na wengi wao hawaumwi. Ukiwapa viuavijasumu watu wasioumwa, unazidisha usugu ambao Famasia amekwisha kuulalamikia. Wataalamu wa China wamependekeza familia ipimwe kwa pamoja. Kwingineko wengi hupima mwenye dalili, au mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya tumbo, kwa sababu bakteria huyu aliorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka wa 1994.

21. Hodhan_wa_Eastleigh

Bakteria wetu hakusoma huo mwongozo wa kwingineko. Lakini nakuelewa.

22. Famasia_Jogoo_Road

Kuhusu kufunga: mwenye kidonda kibichi, hasa kilichowahi kutoa damu, ana udhuru na azungumze na daktari wake na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama. Aliyepona na anayetumia omeprazoli anaweza kuimeza nusu saa kabla ya daku, na ikiwa ni mara mbili kwa siku, nyingine aimeze anapofungua kwa maji na tende, kisha asubiri kidogo kabla ya kuzikaribia sambusa. Najua hilo la mwisho halitekelezeki.

23. Fundi_wa_Lifti

Nimesoma uzi wote na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja nyongo. Nilitibiwa vidonda kwa miaka mitatu. Maumivu yangu yalikuwa hapohapo kwenye chembe cha moyo, yakisogea kulia na kupanda hadi chini ya bega, na yalikuja saa moja hivi baada ya nyama choma. Daktari mmoja mzee alinisikiliza dakika tano, akanituma nikafanyiwe ultrasaundi, na mawe yakaonekana kwenye mfuko wa nyongo. Nikatolewa mfuko wenyewe, kwisha. Omeprazoli zote nilizokunywa zilikuwa sadaka.

24. Mwalimu_wa_Bayolojia

Mfano mzuri, ila wakati wa maumivu una maana yake. Yako yalikuja baada ya mafuta. Ya Muuza Vipuri huja tumbo likiwa tupu na usiku wa manane, jambo ambalo vitabu vimekuwa vikilihusisha na kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba, ambacho hutulia mtu akila, tofauti na cha tumboni ambacho mara nyingi huzidi kwa chakula. Kwa hivyo si haki kusema hana kidonda kabisa.

25. Afisa_wa_Kliniki_Githurai

Mwalimu, hayo ya vitabu niliyaamini pia mpaka nilipoanza kuwaona wagonjwa. Muda wa maumivu hudokeza, lakini hudanganya vilevile. Ukweli usiopendwa ni kwamba wengi wa wanaotumwa kwenye kamera kwa maumivu ya aina hii hawakutwi na kidonda chochote. Tumbo lao linaonekana zima, lakini mishipa yake ya fahamu ni myepesi kuumia. Huo nao ni ugonjwa, una jina na una matibabu, ila mgonjwa hukasirika ukimwambia kamera haikuona kitu, kana kwamba umemwita mwongo. Ndiyo maana sisi wenyewe, na ninakiri, huandika "vidonda" kwa haraka foleni inapokuwa ndefu, maana neno hilo humridhisha kila mtu.

Na kuhusu mawazo ambayo Nesi aliyaweka kando: London ilipokuwa ikipigwa mabomu mwaka wa 1940, madaktari wa hospitali za huko waliripoti ongezeko la vidonda vilivyotoboka. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka wa 1995, vidonda vilivyotoa damu viliongezeka pia. Bakteria hakuzidi mabomu yalipoanza kuanguka. Kwa hiyo mwenzake wa dukani asichekwe.

26. Nesi_wa_Zamani

Mwanangu, sikukataa mawazo. Nilikataa kuwapasua watu kwa sababu ya mawazo. Watu wa London ile walikuwa pia hawalali, wanavuta sigara na kumeza aspirini. Utayatenganishaje?

27. Afisa_wa_Kliniki_Githurai

Siwezi, mama.

28. Mjukuu_wa_Kariokor

Naomba kuongeza jambo ambalo lilitugharimu. Kiswahili chetu kinaita mahali hapa chembe cha moyo, na watu husahau kwamba moyo wenyewe uko juu yake kidogo. Babu yangu, mwenye kisukari, alikuwa akisema tumbo linamchoma kila anapopanda kilima kutoka sokoni, na akipumzika linatulia. Tulimnunulia dawa ya maji ya vidonda kwa miezi. Ulikuwa moyo. Tumbo halijui kama unapanda kilima, moyo unajua. Mtu wa makamo, hasa mwenye presha au kisukari, ambaye maumivu yake huja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika, au yanamjia na jasho jembamba, asikae kwenye foleni ya duka la dawa.

29. Ndengu_na_Chapati

Nilikuja hapa kuuliza kabichi na sasa ninajisikilizia moyo.

30. Afisa_wa_Kliniki_Githurai

Naomba nitaje na hili kabla uzi haujahamia kwingine. Chakula kikianza kukwama kooni au kifuani wakati wa kumeza, mwili ukikonda bila sababu, damu ikipungua, ukitapika damu au kitu kama majimaji ya kahawa, usijaribu duru nyingine ya vidonge. Saratani ya umio katika sehemu za nchi yetu, hasa upande wa Bomet, imewapata hata watu walio chini ya miaka thelathini, kwa hivyo kile kipimo cha umri kinachotumika Ulaya kuamua nani apigwe kamera tusikikopi bila kufikiri. Muuza Vipuri, una lolote kati ya haya?

31. Muuza_Vipuri

Sina, Mungu ashukuriwe. Uzito wangu ni uleule, na mke wangu anasema umezidi.

Nimefanya yafuatayo tangu juzi. Nimeviacha vidonge vya aspirini. Nimeuliza bei ya kamera katika hospitali tatu, na ya juu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini kwa kamera ileile. Mahali pamoja waliniuliza kwanza kama michango yangu ya SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa, nikagundua kwamba tangu ile ya zamani, NHIF, ilipoondolewa mwaka wa 2024 nilijisajili tu na sikulipa. Nimepata tarehe, Alhamisi baada ya wiki tatu. Nimeagizwa niache omeprazoli wiki mbili kabla, kwa sababu watakata kipande cha kumtafuta bakteria. Swali langu: hizo wiki mbili nitaishije? Nikiacha, kama alivyosema Famasia, asidi itarudi na hasira.

32. Famasia_Jogoo_Road

Dawa za kutafuna za kutuliza asidi unaweza kuzitumia unapoumia, kwa kuwa hazimfichi bakteria kama omeprazoli inavyofanya. Muulize daktari kuhusu famotidini pia, dawa nyingine ya kupunguza asidi. Kula kidogo mapema jioni, usilale saa ileile uliyokula, na usichukulie maumivu ya wiki hizo mbili kuwa ushahidi wa jambo lolote.

33. Shangazi_wa_Rongai

Na maharagwe?

34. Famasia_Jogoo_Road

Yakikujaza gesi, punguza. Yasipokujaza, kula. Kwa kidonda hayana habari.

35. Shangazi_wa_Rongai

Basi kaka yangu alipona kwa nini?

36. Mwalimu_wa_Bayolojia

Huenda kidonda kilifunga chenyewe, huenda hakikuwapo, au huenda aliacha na kitu kingine katika miezi ileile ambacho hakukutajia. Alikuwa anavuta sigara?

37. Shangazi_wa_Rongai

Nitamuuliza. Wewe Mwalimu unauliza kama polisi.

38. Kondakta_Mstaafu

Muuza Vipuri, sikiliza la mtu aliyepita njia hiyo. Utaagizwa usile kwa saa kadhaa kabla, tii. Kisha utaulizwa kama unataka kupuliziwa ganzi ya koo peke yake au uchomwe sindano ya usingizi. Ukichagua usingizi, watakuambia uje na mtu wa kukupeleka nyumbani, nawe utajiona u mzima, utatembea, utaongea, utalipa. Nilimdanganya nesi kwamba ndugu yangu ananingoja getini. Nikapanda matatu ya kurudi Kariobangi, nikafumba macho kidogo, na nilipoamshwa ilikuwa jioni, niko stendi ya Kikuyu, na kondakta mwenzangu ananidai nauli ya safari mbili.

39. Muuza_Vipuri

Nitakwenda na shemeji. Mke wangu atapimwa choo wiki hiyohiyo, maana zile siku mbili alizomeza hazijamsaidia. Majibu yakitoka nitayaandika hapa, yawe ya kidonda au ya tumbo zima.

40. Ndengu_na_Chapati

Kondakta, ulilipa hizo nauli mbili?

41. Kondakta_Mstaafu

Nililipa moja. Nilimwambia nyingine ni ya usingizi.